Halo za Galaksi: Namna Tabia za Maada ya Giza Zinavyoziumba

Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, usiku usio na mwezi na mahali palipo mbali na taa za mji, mtu atazamapo juu huona utepe mpana wenye weupe hafifu ukikata anga toka upande mmoja hadi wa pili. Utepe huo ndio Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu tukiitazama kutoka ndani yake. Galaksi ni mkusanyiko mkubwa sana wa nyota, gesi na vumbi, vyote vikiwa vimeshikamanishwa na kani ya mvutano. Jua letu ni nyota moja tu miongoni mwa nyota zaidi ya bilioni 100 zilizomo katika galaksi hiyo.

Hata hivyo, yote hayo yaonekanayo si galaksi nzima. Kama kokwa ndogo iliyomo ndani ya tunda kubwa, sahani ya nyota na gesi imo ndani ya tufe pana zaidi la maada isiyotoa nuru wala kuizuia. Maada hiyo huitwa maada ya giza, na tufe hilo huitwa halo. Mpaka leo hakuna aliyepata kuinasa hata chembe moja ya maada ya giza katika maabara kwa namna iliyothibitishwa. Pamoja na hayo, wanasayansi wamekwisha kuzikataa baadhi ya dhana juu yake, na nyingine wamezipunguzia uwezekano. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi jambo hilo linavyowezekana: umbo la halo hutegemea tabia za chembe zinazoiunda, na kwa hiyo anayelichunguza umbo huichunguza chembe yenyewe.

Hesabu zisizolingana

Tuanze na mfumo wa jua, ambao hesabu zake zinajulikana vizuri. Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na jua, hukimbia kilometa 48 kwa sekunde. Dunia hukimbia kilometa 30, Mshtarii 13, na Neptuni, iliyo mbali kuliko sayari zote, kilometa 5.4 tu. Karibu masi yote ya mfumo huo, yaani kiasi cha maada kilichomo, imo ndani ya jua, na kani ya mvutano hupungua kadiri umbali unavyozidi. Kama Neptuni ingekimbia kwa kasi ya Utaridi, ingeponyoka na kutokomea angani.

Mwanafunzi aliyesoma mwendo wa mviringo atakumbuka kwamba kani ya mvutano, GMm/r², ndiyo inayokishikilia kitu katika mzunguko wake, nayo ni sawa na mv²/r. Tukirahisisha tunapata:

M = v²r/G

Hapa M ni masi iliyomo ndani ya mzunguko, v ni kasi, r ni umbali kutoka kitovuni, na G ni kizio kisichobadilika cha mvutano. Kwa galaksi kanuni hii hutoa makadirio tu, lakini yanatosha. Tukijua kasi na umbali tunaweza kuipima galaksi kana kwamba tumeiweka katika mizani.

Kasi yenyewe hupatikana kwa kuichambua nuru. Honi ya gari linalotujia husikika nyembamba kuliko honi ya gari linalotuacha. Vivyo hivyo nuru ya nyota inayotujia husogea kidogo upande wa rangi ya buluu, na ya nyota inayotuacha husogea upande wa wekundu. Mwaka 1933 Fritz Zwicky, aliyefanya kazi California, alitumia njia hiyo katika kundi la galaksi liitwalo Coma, akaona kwamba galaksi zake zinakwenda kasi mno kuliko inavyoweza kuelezwa na masi ya nyota zionekanazo. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford, wote wa Marekani, walipima mzunguko wa galaksi ya Andromeda, iliyo umbali wa miaka nuru ipatayo milioni 2.5 kutoka kwetu. Walikuta kwamba kasi haipungui ukingoni kama ilivyotazamiwa. Mwaka 1978 Albert Bosma wa Uholanzi alichunguza gesi ya hidrojeni kwa mawimbi ya redio, akaonyesha kwamba hali ni hiyo hiyo hata pale ambapo nyota zimekwisha. Mwaka 1980 Rubin na wenzake walitoa vipimo vya galaksi 21 vyenye matokeo ya namna moja.

Hebu tuchukue galaksi ya mfano ambayo vitu vyake hukimbia kilometa 200 kwa sekunde, kwa umbali wa miaka nuru 30,000 na pia kwa umbali wa miaka nuru 90,000. Mwaka nuru mmoja ni meta 9.46 × 10¹⁵. Tukiziingiza tarakimu hizo katika kanuni yetu, masi iliyo ndani ya umbali wa kwanza inakuwa sawa na ya majua yapatayo bilioni 85. Ndani ya umbali wa pili inakuwa ya majua yapatayo bilioni 256, yaani mara tatu. Kati ya mipaka hiyo miwili nyota ni chache sana. Basi masi hiyo iliyoongezeka ni ya nini? Jibu linalokubaliwa na wanasayansi walio wengi ni kwamba ni ya halo. Kwa galaksi yetu, masi yote pamoja na halo yake hukadiriwa kuwa yapata majua milioni milioni moja, ambapo nyota zote kwa jumla hazizidi sana majua bilioni 60.

Kwa nini halo si bapa

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa maada ya giza huvutwa na kani ile ile inayoivuta gesi, mbona haikuingia katika sahani pamoja na nyota? Hapa tunakutana na tabia yake ya kwanza.

Gesi ya kawaida imefanyika kwa atomu. Atomu zigonganapo hupata joto, na joto hilo hutoka kama nuru na mawimbi mengine, likapotea angani. Gesi iliyopoteza nishati huporomoka kuelekea kitovuni. Lakini ule mwendo wake wa kuzunguka haupotei kwa urahisi, na kwa sababu hiyo mwisho wake ni kuwa sahani bapa inayozunguka. Nyota huzaliwa ndani ya sahani hiyo.

Maada ya giza haitoi nuru. Kwa hiyo haina njia ya kuitoa nishati yake, wala haiwezi kupoa na kutulia kitovuni. Chembe zake huingia ndani, hupita, hutoka upande wa pili, kisha huvutwa tena, bila kukoma. Ndiyo maana halo imebaki pana na nene, yenye umbo linalokaribia tufe au yai, na inaenea kwa miaka nuru laki kadhaa kutoka kitovuni, ambapo sahani ya nyota ina upana wa miaka nuru ipatayo laki moja tu.

Upana huo huifanya maada yenyewe kuwa nyepesi mno. Katika ujirani wa jua kiasi chake hukadiriwa kuwa sawa na masi ya atomu moja ya hidrojeni katika kila sentimeta tatu hivi za ujazo. Tukijumlisha yote iliyomo wakati wowote katika ujazo mzima wa dunia yetu, haifiki kilo moja. Nguvu yake hutokana na ukubwa wa anga inaloijaza, wala si wingi wake mahali pamoja.

Moto, vuguvugu au baridi

Tabia ya pili ni kasi ya chembe hizo wakati ulimwengu ulipokuwa mchanga. Wanasayansi huigawa maada ya giza katika aina tatu: ya moto, ya vuguvugu na ya baridi. Maneno hayo hayahusu joto linalopimwa kwa kipimajoto. Chembe ya moto ni ile iliyokuwa ikikimbia karibu sawa na nuru, na chembe ya baridi ni ile iliyokwenda polepole tangu mwanzo.

Tofauti hiyo ina matokeo makubwa. Halo huanza kama sehemu ndogo ya anga yenye maada nyingi kidogo kuliko jirani zake. Sehemu hiyo huvuta maada zaidi na kukua. Lakini ikiwa chembe zinakimbia mno, hutoka katika sehemu hiyo kabla mvutano haujazikusanya, kama mchanga mkavu unaotawanywa na upepo kabla haujawa rundo. Marundo madogo hufutika, na yanayosalia ni yale makubwa peke yake.

Nyutrino ni chembe za moto, nazo zinajulikana kuwapo. Kila sekunde nyutrino zipatazo bilioni 60 kutoka juani hupita katika kila sentimeta moja ya mraba iliyolielekea jua, na hatuhisi lolote. Ilikuwa rahisi basi kudhani kwamba hizo ndizo maada ya giza. Mwaka 1983 Simon White, Carlos Frenk na Marc Davis waliijaribu dhana hiyo kwa kompyuta. Waliumba, kwa hesabu, ulimwengu uliojaa nyutrino, wakauacha ukue. Makundi makubwa ya galaksi yalitangulia kutokea, na galaksi zenyewe zikachelewa mno. Ulimwengu huo haukufanana na huu tunaouona. Kwa njia hiyo dhana ya maada ya moto ilikataliwa bila chembe yoyote kukamatwa.

Maada ya baridi hutenda kinyume chake. Halo ndogo huundwa kwanza, nazo huungana na kuwa halo kubwa zaidi, kama vijito vinavyoungana kuwa mto. Muungano huo haukamiliki. Halo nyingi ndogo hubaki zikiwa nzima ndani ya ile kubwa. Hesabu kubwa za kompyuta zilizotangazwa mwaka 2008 zilionyesha halo moja kama ya galaksi yetu ikiwa na maelfu na maelfu ya halo ndogo ndani yake. Maada ya vuguvugu iko kati ya hizo mbili: galaksi kubwa hutokea kama kawaida, ila halo ndogo huwa chache.

Hapo ndipo penye mgogoro. Mwaka 1999 ilionekana wazi kwamba galaksi ndogo zilizojulikana kuizunguka galaksi yetu hazikufika hata 20, ambapo nadharia ya maada ya baridi ilidai mamia ya halo zinazofaa. Tangu wakati huo darubini bora zimegundua nyingine, na sasa zinazojulikana zimezidi 50. Tena imefahamika kwamba halo iliyo ndogo mno haiwezi kuishika gesi yake. Mionzi ya nyota za kwanza huipasha gesi joto nayo hutoroka, na halo hubaki bila nyota hata moja. Halo ya namna hiyo haionekani, lakini si kwamba haipo. Swali basi si kuhesabu nyota tena, bali kuzitafuta halo tupu.

Mawenzi au Kibo

Tabia ya tatu ni jinsi chembe za maada ya giza zinavyohusiana zenyewe kwa zenyewe. Je, hupishana bila kugusana, au hugongana mara moja moja?

Mwaka 1996 na 1997 Julio Navarro, Carlos Frenk na Simon White walitangaza kwamba halo za maada ya baridi isiyogongana, ziwe kubwa au ndogo, hufuata kanuni moja. Karibu na kitovu, umbali upunguapo kwa nusu, msongamano wa maada huwa maradufu. Mbali sana na kitovu, umbali uongezekapo maradufu, msongamano hupungua mara nane. Kati ya maeneo hayo mawili umo ukanda ambao msongamano hupungua kwa mraba wa umbali, na ndio unaofanya kasi ya mzunguko isibadilike sana.

Tukichora msongamano huo katika karatasi ya grafu, katikati patakuwa na kilele chenye ncha, kama Mawenzi kinavyoonekana kutoka mbali. Lakini tangu mwaka 1994 vipimo vya gesi katika galaksi kadhaa ndogo vimeonyesha picha nyingine. Katikati yake msongamano haupandi, bali ni sawa kwa mamia au maelfu ya miaka nuru. Huo ni mfano wa Kibo, chenye kilele kipana kilicho bapa.

Maelezo mawili yametolewa. La kwanza huiacha maada ya giza kama ilivyo, na kuzitazama nyota. Nyota kubwa zikifa hulipuka, na milipuko hiyo huisukuma gesi nje kwa nguvu. Gesi hurudi, nyota nyingine huzaliwa na kulipuka, na gesi hutoka tena. Kila mara mvutano wa katikati hubadilika ghafla, na chembe za maada ya giza huhama kidogo kidogo kwenda nje mpaka ncha inaporomoka. La pili lilitolewa mwaka 2000 na David Spergel na Paul Steinhardt: huenda chembe zenyewe hugongana. Migongano huwapelekea chembe za kitovuni nishati kutoka sehemu za nje, nazo hutawanyika na kilele kikawa uwanda. Migongano hiyo pia huifanya halo iwe na mviringo zaidi kuliko yai.

Maelezo yote mawili huleta Kibo. Tutayatofautishaje? Kwa kutafuta galaksi ambamo nyota ziliacha kuzaliwa zamani. Humo milipuko ilikuwa michache, na ikiwa maelezo ya kwanza ni ya kweli, ncha inapaswa kuwapo bado. Uchunguzi wa galaksi ndogo ya Draco uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha msongamano mkubwa katikati, unaolingana na Mawenzi zaidi kuliko Kibo. Galaksi moja haitoshi kukata shauri, ila inaonyesha njia ya kufuata.

Ushahidi mwingine hutoka mahali palipotokea mgongano mkubwa kupita kiasi. Katika Kundi la Risasi, makundi mawili ya galaksi yalipitana kwa kasi kubwa. Gesi za makundi hayo ziligongana na kuchelewa nyuma. Mwaka 2006 wanasayansi walipima masi kwa namna inavyoipinda nuru ya galaksi zilizo nyuma yake, wakaona kwamba sehemu kubwa ya masi haikubaki pamoja na gesi. Ilikuwa imepita moja kwa moja, sambamba na nyota. Hivyo, kama chembe za maada ya giza hugongana, haigongani kwa wingi katika kasi kubwa kama hizo. Katika galaksi ndogo, ambamo mwendo ni wa polepole, mlango haujafungwa.

Kuzitafuta halo tupu

Halo isiyo na nyota inaweza kutambuliwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni vijito vya nyota. Kundi dogo la nyota likivutwa na galaksi yetu huraruka, na nyota zake hujipanga katika utepe mwembamba mrefu. Halo tupu ikipita karibu huacha pengo katika utepe huo, kama mtu apitaye kwenye umande huacha njia. Kijito kiitwacho GD-1, kilichogunduliwa mwaka 2006, kina mapengo ya namna hiyo, ingawa bado hubishaniwa yaliletwa na nini.

Njia ya pili ni kupindwa kwa nuru. Galaksi kubwa ikiwa mbele ya kitu king'aacho sana huweza kuigawa nuru ya kitu hicho katika picha nne. Halo ndogo zilizofichika njiani hubadilisha kidogo mng'ao wa kila picha, na kutokana na mabadiliko hayo wingi wa halo hukadiriwa.

Sisi tuishio karibu na ikweta tunaweza kuona kwa macho mfano wa halo iliyo ndani ya halo. Jioni za Desemba na Januari, chini katika anga la kusini, huonekana doa jeupe liitwalo Wingu Kubwa la Magellan. Hiyo ni galaksi ndogo iliyo umbali wa miaka nuru ipatayo 160,000. Nayo ina halo yake, ambayo sasa inazama ndani ya ile ya Njia Nyeupe na kuitikisa.

Neptuni au Vulkani?

Yafaa tumalizie kwa tahadhari ambayo kila mwalimu wa fizikia angependa wanafunzi wake waikumbuke. Katika karne ya 19 sayari ya mbali, Uranus, haikufuata njia iliyotazamiwa. Mfaransa Urbain Le Verrier alisema kwamba kuna kitu kisichoonekana kinachoivuta, akakadiria mahali kilipo, na mwaka 1846 Neptuni ikaonekana karibu na pale pale. Utaridi nao ulikuwa na kasoro katika mwendo wake. Mwaka 1859 Le Verrier alitoa jibu lile lile: kuna sayari nyingine isiyoonekana, nayo ikaitwa Vulkani. Ilitafutwa kwa miaka mingi bila kupatikana. Mwaka 1915 Albert Einstein alionyesha kwamba hapakuwa na sayari yoyote. Kanuni ya mvutano yenyewe ndiyo iliyohitaji kusahihishwa.

Maada ya giza ni Neptuni au ni Vulkani? Wapo wachache, wakifuata pendekezo la Mordehai Milgrom la mwaka 1983, wanaosema kwamba kanuni ya mvutano ndiyo yenye kasoro. Pendekezo lao hueleza vizuri mzunguko wa galaksi nyingi, lakini hupata taabu katika makundi ya galaksi, likiwamo Kundi la Risasi. Uzito wa ushahidi uko upande wa maada ya giza, ambayo hukadiriwa kuzidi maada ya kawaida mara tano hivi katika ulimwengu mzima.

Jambo litakaloamua ni hizo halo ndogo tupu. Nadharia ya maada ya baridi imesema waziwazi kwamba zipo, tena kwa wingi. Zikipatikana kwa idadi iliyotabiriwa, itakuwa kama siku ile Neptuni ilipoonekana. Zikikosekana, maada hiyo itakuwa si baridi kama ilivyodhaniwa, au nadharia nzima itabidi ipimwe upya. Kituo cha kuchunguzia nyota kilichopewa jina la Vera Rubin, huko Chile, kilitoa picha zake za kwanza mwezi Juni 2025, na miongoni mwa kazi zake ni kuvitafuta vijito vya nyota na galaksi ndogo zilizofifia. Mwanafunzi anayejifunza leo kanuni ya M = v²r/G ana zana ile ile iliyoanzisha swali hili, na huenda akawa miongoni mwa watakaolijibu.